Neno Lililosemwa Nyuma ya Baiskeli

Auxerre, 4 Septemba 2016

Kwako mdogo wangu Bastien,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Lorient, kwenye upepo wako na mvua yako. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mume wangu Fernand, ambaye goti lake limegeuka mtabiri wa hali ya hewa. Likimuuma kidogo tu anakimbilia kuanua nguo zangu, hata kama jua linawaka. Miaka thelathini na miwili ya ndoa, mdogo wangu, ni kuishi na mtu pamoja na goti lake. Binti yetu Aurore atajifungua Januari, Mungu akipenda. Yuko Dijon na mumewe, na kila asubuhi ananipigia simu kuniuliza kama ni kawaida mjamzito kutamani figili na siagi. Namwambia ni kawaida, mimi nikiwa na mimba yake nilikula chaki.

Tukizungumzia simu: yako imekuwa pambo la mezani? Nimepiga mara nane. Jirani yako anasema upo, anakuona ukitoka na mbwa. Ndiyo maana nimeshika kalamu kama enzi za Mama, Mungu amrehemu.

Njoo Oktoba. Tupande baiskeli tufuate mfereji toka hapa mpaka Clamecy, siku nzima, kama ule mwaka ulipopata baiskeli yako ya kwanza. Ni kilomita sitini na kitu, kurudi tutarudi kwa treni. Utapanda ya Fernand. Miti ya mipopla ukingoni imeanza kugeuka rangi, na wakifunga mfereji kwa msimu wa baridi hapatakuwa na kitu cha kutazama.

Nina neno la kukuambia. Usianze kuuliza neno gani, si la kuandikwa.

Ni mimi dada yako,
Clotilde


Lorient, 17 Septemba 2016

Dada Clotilde,

Barua yako nimeipokea, nikaisoma nimesimama mlangoni, mbwa akinivuta upande wa pili. Mimi ni mzima. Mgongo unauma, lakini kwa mtu aliyechomelea meli miaka ishirini na sita, mgongo usiouma ungekuwa wa mtu mwingine. Mpe Fernand pole, na mwambie goti langu pia lina kipaji, ila lenyewe linatabiri mechi, na halijawahi kupatia.

Simu nimeichoka. Ni matangazo tu, watu wa madirisha, watu wa bima. Usione nimekususa.

Kuja nitakuja. Nitafika Ijumaa tarehe 14 jioni, Jumamosi tutoke mapema. Ila hilo neno lako, dada, kwa nini usiliandike? Maneno ya mdomo yana hasara, yanapeperuka. Karatasi mtu anairudia. Tafadhali liandike. Kama ni ugonjwa, niambie sasa hivi, nisije nikakaa mwezi mzima nahesabu mbao za dari.

Mdogo wako,
Bastien


Auxerre, 23 Septemba 2016

Mdogo wangu,

Si ugonjwa wangu. Lete koti zito na uache maswali.

Clotilde


Lorient, 24 Oktoba 2016

Dada yangu mpenzi,

Nilifika salama, na mbwa alinipokea kama mfungwa aliyeachiwa. Miguu bado inanisema. Siku mbili za kwanza nilishuka ngazi kinyumenyume, jirani akadhani ni mchezo.

Lakini siku ile ilikuwa siku! Tulipotoka Auxerre ukungu umelala juu ya mfereji mzito kama maziwa yaliyoganda, sioni hata gurudumu langu la mbele, nikafuata koti lako jekundu tu. Kisha tulipokaribia Vincelles jua likatoboa mara moja, na maji yote yakawa ya njano, maana yalifunikwa majani. Tulipita mbele ya nyumba yetu ya zamani kwenye lango la maji la kupandisha na kushusha matishari. Niliona umepunguza mwendo. Mimi sikupunguza, unanijua. Wamepaka madirisha rangi ya buluu, na pale Mama alipokuwa anakaa na ufunguo wake mkubwa wa kufungulia lango, wamepanga maboga ya kuuza. Basi, maboga.

Ule mkate wako, jibini la mbuzi na mayai ya kuchemsha tuliokula chini ya majabali ya Saussois, sijala chakula kitamu hivyo tangu mke wangu Nadège anikimbie. Na wale vijana wananing'inia mwambani kwa kamba kama soksi zilizoanikwa! Uliniambia, "Huyo wa kijani akianguka ataangukia jibini," nikacheka mpaka kahawa ikanitoka puani. Hapo ulikuwa bado unazungumza nami.

Baada ya hapo ukasema tangulia. Nikatangulia. Njia ilikuwa tambarare, majani yanalia chini ya magurudumu, upepo uko mgongoni, nikajisikia nina miaka kumi na miwili. Kwenye daraja la Châtel-Censoir nilimwona korongo wa kijivu amesimama juu ya lango la maji kama karani, nikainua mkono kukuonyesha. Sijui kama ulimwona. Nilipogeuka baada ya mwendo mrefu, ulikuwa mbali sana nyuma, umeinamisha kichwa.

Halafu yule bwana mwenye nguo za kubana rangi ya limau! Ati alipiga kengele. Ninachojua ni kwamba nilikuwa barabarani, mara niko kwenye upupu, na yeye yuko juu yangu ananikaripia usoni: "Wewe ni kiziwi?" Nikamwambia, "Na wewe, breki zako zimestaafu?" Mikono iliniwasha mpaka Jumanne. Wewe ulifika, ukaninyoosha usukani, ukasema, "Umeumia?" nikasema la, ukapanda, ukaenda zako. Mpaka Clamecy hukunena. Kwenye treni uliangalia dirisha. Stesheni ulinibusu kama mtu anayegonga muhuri.

Na lile neno lako hukuliona la kuniambia tena. Nimekukosea nini, dada?

Bastien wako


Lorient, 14 Novemba 2016

Dada,

Wiki tatu hujajibu. Huku kunanyesha, mbwa amezeeka ghafla, mimi natembea kutoka jikoni mpaka dirishani na kurudi. Juzi nilitoka kununua mkate nikajikuta bandarini, mkate sina.

Nimefikiri sana. Kama umekasirika kwa ajili ya yale uliyosema ukiwa nyuma yangu njiani, basi jibu langu ni lile lile. Wewe ndiye mkubwa. Fanya uonavyo vema, nami nitaridhika.

Usininyamazie tu.

Bastien


Auxerre, 27 Novemba 2016

Bastien,

Salamu. Fernand hajambo. Aurore amevimba miguu. Siku ya Watakatifu Wote nilipeleka maua kaburini kwa Mama peke yangu, nikang'oa magugu yako na yangu.

Umeandika kwamba jibu lako ni lile lile. Basi nimelifikisha. Jumapili iliyopita nilikwenda Châtel-Censoir, kwenye makao ya wazee, nikakaa kando ya kitanda chake, nikasema: Bastien amekataa. Aliniomba nimvutie blanketi miguuni. Kisha akaniuliza kama una afya. Nikamjibu una afya njema, unaendesha baiskeli vizuri mno, ulipita chini ya dirisha lake bila kusimama. Sijui kwa nini niliongeza hayo ya mwisho. Yalinitoka.

Sikulaumu. Una haki yako. Lakini nilidhani ungesema "hapana" kwa mdomo, kama mwanamume. Kutabasamu, kisha kuinua mkono vile na kuendelea kukanyaga pedali, kama unamfukuza nzi! Hiyo sikuitegemea kwako.

Clotilde


Lorient, 1 Desemba 2016

Dada Clotilde,

Leo salamu ni fupi. Ni nani? Nani yuko kitandani Châtel-Censoir? Nimekataa nini?

Sikusikia. Hata neno moja sikusikia. Ule mkono ulikuwa wa korongo.

Nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, na hata daktari nilimdanganya. Sisikii, dada. Ilianza zamani, kule karakana ya meli. Saa nane kwa siku ndani ya tumbo la chuma, nyundo na misumeno. Vijana tulikuwa tunatoa vile vizibo masikioni ili tutaniane. Kwanza walipotea ndege. Kisha kengele ya mlango. Sikio la kushoto sasa limekufa kabisa, la kulia linapata mvumo tu, kama redio ya jirani. Ukiwa mbele yangu nasoma midomo, na yako naijua tangu utoto, ndiyo maana kule Saussois tulicheka. Ukiwa nyuma yangu wewe ni upepo.

Simu siishiki kwa sababu hiyo, si matangazo. Nadège aliniambia, "Nimechoka kuishi na ukuta," nami nikaona afadhali aniite ukuta kuliko aniite kiziwi. Nina miaka hamsini. Siku ile njiani, kabla ya daraja, niligeuka kidogo nikaona midomo yako inakwenda, nikajua unasema kitu kizito, nikatabasamu nikatikisa kichwa. Ndivyo ninavyofanya na watu wote. Dukani, kwa mwokaji, kanisani. Natikisa kichwa kama ninayekubali. Na ile barua ya Novemba niliiandika kwa kubahatisha.

Hebu niandikie sasa. Neno kwa neno, kama ulivyosema. Na utie barua posta leo hii.

Bastien


Auxerre, 5 Desemba 2016

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Nimesoma barua yako jikoni, Fernand akaja kuuliza nani amekufa.

Hata habari ya yule bwana wa kengele uliniandikia mwenyewe, nikaisoma kwa hasira, nikageuza ukurasa! Mimi ninayejiona nina macho.

Basi hivi ndivyo nilivyosema. Tulikuwa tumepita Saussois. Nilikuwa nimejaribu kukuambia tukiwa tumekaa, nikashindwa, kwa sababu ulikuwa unacheka. Nikaona nitauambia mgongo wako, mgongo hauna macho. Nikasema: "Bastien, Baba yu hai. Yuko Châtel-Censoir, makao ya wazee, dirisha la pili juu ya mfereji. Mapafu yamekwisha. Anataka kukuona kabla hajafa. Ukitaka, simama pale darajani, twende wote. Usipotaka, endelea tu, wala sitakuuliza tena maisha yangu yote."

Ukaendelea.

Na lililobaki ulijue lote, nisije nikaficha tena. Nimejua kwa miaka miwili. Alinitafuta kupitia kwa padri wa Vincelles. Mara ya kwanza nilikwenda ili nimtukane, nilikuwa nimepanga matusi yangu vizuri ndani ya basi. Nikamkuta mzee wa kilo hamsini anajaribu kufunga kifungo cha shati. Nikamfunga kifungo. Tangu hapo naenda kila wiki mbili. Fernand anajua. Sikukuambia kwa sababu Mama alikuwa amekufa mwaka ule ule, na niliona kama ningekuambia ningekuwa ninamfukua.

Tumempelekea uongo, Bastien. Mimi ndiye niliyeupeleka. Jumatano nitakwenda kuurekebisha. Daktari anasema labda Krismasi, labda Februari. Njoo.

Dada yako,
Clotilde


Lorient, 2 Januari 2017

Clotilde,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Fernand na kwa mtoto atakayezaliwa.

Karibu mwezi nimekaa bila kukujibu. Si kwamba sikuandika. Niliandika barua nne, zote zina maneno ambayo huwezi kumwandikia dada yako.

Miaka miwili! Kila wiki mbili umekuwa ukienda kumfunga vifungo, kisha unarudi nyumbani unaniandikia habari za goti la Fernand. Mimi nilificha masikio yangu, sawa. Wewe umenificha baba.

Unakumbuka alivyoondoka? Wewe ulikuwa shuleni kwa masista, ulikuta habari. Mimi nilikuwa pale, nina miaka minane. Tishari lake la mbao lilikuja asubuhi, likaingia langoni, na Mama mwenyewe ndiye aliyemfungulia, kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwa inampa mshahara. Hakujua. Alidhani anapeleka mzigo Auxerre. Alizungusha ufunguo wake, maji yakashuka, tishari likashuka nalo, Baba amesimama usukanini anatazama mbele tu. Kichwa chake kilishuka mpaka kikawa chini ya viatu vyangu. Nikamwita. Hakutazama juu. Mama alimfungulia mlango mumewe amkimbie, na kila tishari lililopita baada ya hapo alilifungulia pia, miaka kumi na tisa, mpaka alipostaafu. Mtu kama huyo ndiye nimpandie treni?

Sitaki kumwona.

Nimekata tiketi mara mbili. Mara ya kwanza niliichana. Mara ya pili nilifika stesheni, nikanunua gazeti, nikaona treni inaondoka nikiwa na gazeti. Silali. Usiku mbwa ananitazama kama anayetaka kuniuliza tunangoja nani.

Ulimrekebishia ule uongo? Alisema nini?

B.


Dijon, 11 Januari 2017

Mdogo wangu,

Aurore amejifungua salama juzi, mtoto wa kike, kilo tatu na robo, wamemwita Elise. Ana sauti ambayo hata wewe utaisikia. Nisamehe, au usinisamehe. Ni mara yangu ya kwanza kucheka tangu Oktoba. Nipo huku kuwasaidia mpaka mwisho wa mwezi. Fernand anakula mayai asubuhi, mchana na jioni.

Nilimrekebishia. Nikamwambia, "Hakukataa, Baba, hakusikia. Bastien amekuwa kiziwi, kelele za meli." Akasema, "Basi tutakuwa sawa, mimi sina sauti." Hiyo ni kweli, sasa ananong'ona tu, mapafu hayasukumi tena.

Hasira yako naipokea yote. Sitajitetea. Nilikosa. Lakini hasira uliyo nayo kwake siwezi kumpelekea mimi. Nimechoka kubeba maneno kati ya watu wawili, ona nilivyoyabeba. Kama una matusi, mpelekee mwenyewe. Treni ya Clamecy inasimama Châtel-Censoir. Mimi sitakuwepo, kwa hiyo hutakuwa na mtu wa kumtikisia kichwa.

Dada yako anayekupenda,
Clotilde


Châtel-Censoir, 22 Januari 2017

Dada,

Tazama juu ya barua uone ninapoandikia. Nimepanga chumba juu ya mkahawa. Dirisha linatazama mfereji. Wameufunga, maji wameyapunguza nusu, na pembeni kuna barafu na tope na viti viwili vya chuma, sijui nani alivitupa. Mbwa nimemwachia jirani.

Nilikuja Alhamisi. Nilishuka kwenye treni nikatembea mpaka makao, nikaupita mlango, nikaenda mpaka mwisho wa kijiji, nikarudi, nikaupita tena. Mara ya tatu muuguzi mmoja alinitokea nje na sigara yake, mwanamke mpana, sura ya ucheshi, jina lake Josiane. Akasimama mbele yangu, nikamsoma vizuri: "Bwana, ama unapeleleza benki ama una mzee humu ndani."

Nikamwambia, "Mimi ni mtoto wa Marcelin Tissier. Na sisikii." Ndivyo lilivyotoka, dada. Miaka yote hiyo nimelificha, halafu nimemwambia mvuta sigara.

"Na yeye haongei," akasema. "Mtanimaliza nyie." Akaizima sigara, akanishika mkono.

Sikumjua. Nilitafuta yule mtu mrefu wa usukanini, nikaona kofia ya sufu na macho. Yeye alinijua. Midomo yake ilianza kwenda, lakini mtu asiye na meno siwezi kumsoma, midomo inaingia ndani. Nikakaa pale kama gogo. Ndipo Josiane akainama, akaweka sikio kwenye mdomo wa Baba, kisha akaja kwenye sikio langu la kulia akapaza sauti. Dada, sijasikia sauti kubwa vile tangu nitoke karakana. Mwanamke yule angeweza kusimamisha meli.

"Anasema umenenepa!"

Nikasema, "Mwambie hakunilisha yeye."

Hakuwa na haja ya kuambiwa, yeye anasikia vizuri. Alifumba macho kidogo. Kisha akanong'ona kwa muda mrefu, na Josiane akasimama wima, akanitazama, akasema taratibu mbele ya uso wangu, "Haya si ya kupigia kelele." Nikamwambia, "Piga."

Akapiga. Ukumbi mzima ulisikia. Wazee walikuja na viti vyao vya magurudumu mpaka mlangoni, na hakuna aliyewafukuza.

"Anasema kulikuwa na mwanamke kule Nevers! Halafu hakukuwa na mwanamke! Halafu aliona haya kurudi!"

"Na aone!" akasema bibi mmoja mlangoni. Huyo nilimsoma.

"Anasema alipita! Masika ya mwaka uliofuata! Kwenye tishari la rafiki yake! Mama yako akawafungulia lango! Yeye alikuwa amejilaza chini ya turubai!"

Dada, unajua lango la Vincelles linavyochukua muda. Dakika kumi, maji yakiwa mabaya kumi na tano. Dakika zote hizo alikuwa chini ya turubai, hatua mbili kutoka kwa Mama. Na mimi nilikuwepo, nimekaa ukingoni, Mama ananisikiliza hesabu za kuzidisha huku anazungusha ufunguo.

"Anasema alikusikia! Uliulizwa saba mara nane! Ukasema hamsini na nne! Mama yako akasema rudia! Ukasema tena hamsini na nne!"

Nikamuuliza, "Kwa nini hukutoka?"

Alinong'ona neno moja tu. Josiane hakulipigia kelele, lakini nililiona mdomoni mwake. "Woga."

Nilitaka kumpiga, nakuambia kweli. Mkono wangu ulikuwa kwenye chuma cha kitanda na niliuona umekuwa mweupe. Nilikuja na matusi yangu, kama wewe ndani ya basi. Nikayatafuta. Nikasema, "Ni hamsini na sita." Baba akatikisa kichwa, ndiyo, hamsini na sita. Nikatoka nje nikatembea kwenye barafu mpaka daraja la pili na kurudi, nikiongea peke yangu kwa sauti, watu wakinipisha.

Sijamsamehe. Usifikiri ni hadithi ya aina hiyo. Lakini jana nilirudi, na kesho asubuhi nitarudi kabla ya treni. Josiane kesho hayupo kazini, sijui tutaongeaje.

Busu kwa Elise.

Bastien


Auxerre, 12 Februari 2017

Mdogo wangu Bastien,

Nyumba imetulia tangu mazishi ya Baba. Fernand anakusalimu, anasema ulibeba jeneza upande mzito bila kulalamika na yeye na goti lake wameliona hilo. Elise ameongeza nusu kilo. Nilipata vikombe viwili vya bati vilivyokuwa vya Baba, kimoja nimekuwekea. Nguo nilizitoa.

Pale kaburini hatukupata nafasi ya kuongea, padri alikuwa na haraka na mvua ikaanza. Nashukuru ulisimama upande ambao uliweza kuniona uso.

Jana nilikwenda kumshukuru Josiane kwa maandazi ya tufaha aliyoleta mazishini. Akaniambia jambo ambalo hukuniandikia. Asema mwenzake wa zamu alimweleza kwamba ile Jumatatu ya mwisho, ulipokwenda kuaga, Baba aliongea karibu nusu saa mfululizo. Nusu saa, mtu ambaye kwangu alikuwa anatoa maneno matatu kwa siku! Wewe ukiwa umeinama juu yake, mlango umefungwa. Na siku nane baadaye akafa, na ndani ya siku hizo nane, wanasema, hakuongea tena na mtu.

Alisema nini, Bastien? Kama ni siri yenu niambie ni siri, nitaridhika. Lakini siwezi kutulia. Naosha vyombo, najiuliza. Mimi niliyekwenda miaka miwili sikuambiwa kitu, si kwa nini, si lini, si habari ya turubai. Alimtaja Mama? Alinitaja mimi?

Nijibu upesi.

Clotilde


Lorient, 21 Februari 2017

Dada yangu mpenzi,

Nimeipata barua yako. Mbwa hajambo, isipokuwa amenuna kwa sababu namkaripia akibweka. Sikujua kwamba anabweka hivyo. Juma lililopita nilikwenda kwa daktari wa masikio na safari hii sikudanganya. Wamenitia mashine ndogo sikio la kulia. La kushoto, wamesema, tusahau. Ni mateso, dada. Friji inavuma, gazeti linapiga kelele, maji ya bomba kama mtu anakaanga samaki. Natembea ndani ya nyumba nikitafuta kitu kinachogonga, kumbe ni saa ya Nadège, iko ukutani miaka kumi na mmoja. Wanasema nitazoea. Mwezi ujao utanipigia simu tujaribu.

Sasa kuhusu Jumatatu ile.

Niliingia saa tatu asubuhi, nimevaa koti tayari kwa treni. Josiane hakuwepo. Yule kijana wa zamu alituletea kahawa, akafunga mlango. Baba akanipungia nisogee, nikasogea, akanipungia tena, mpaka nikaweka sikio langu la kulia kwenye mdomo wake. Akaanza kuongea. Nilisikia joto la pumzi. Ilikuwa inaingia na kutoka, fupi fupi, na harufu ya kahawa. Sauti hakuna. Mara mbili nilihisi kama mvumo wa neno, pengine jina, pengine kikohozi. Kila aliponyamaza kupumzika aliniangalia, anangoja. Ningeweza kumwambia, "Baba, sisikii, ngoja nimwite kijana." Nilifungua mdomo kusema hivyo. Nikaona namna anavyoniangalia.

Nikatikisa kichwa. Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Akaendelea. Akanyamaza, nikasema ndiyo. Nusu saa nzima, dada, ndiyo na ndiyo. Mwishoni aliuachia mkono wangu aliokuwa ameushika, akageuza uso ukutani, akalala kama mtu aliyefika.

Kwa hiyo sijui kama alimtaja Mama. Sijui kama alikutaja wewe. Nimekaa na jambo hili wiki nne, nikisimama, nikiketi, na sitaki kukubahatishia jibu, nilishaona kubahatisha kunafanya nini. Kama aliniomba msamaha, basi amekwenda nao, na mimi ndiye niliyempa. Na kama alikuwa anaomba tu nimfungulie dirisha, nilimwambia ndiyo mara arobaini na dirisha sikulifungua.

Mdogo wako,
Bastien